Nani hasa alikuwa mkuu wa jeshi Nairobi mwaka 1953?

Swali: "Marehemu babu yangu alikuwa askari wa Keya (King's African Rifles) na alipigana msitu wa Nyandarua wakati wa Hali ya Hatari. Najaribu kuandika historia yake kabla wazee waliobaki hawajatutoka. Nikifika mwaka 1953 nakwama, maana nakuta wakubwa wanne Nairobi. Cameron anaitwa GOC (jenerali mwenye amri ya eneo), Hinde anaitwa Mkurugenzi wa Operesheni, Erskine anaitwa Kamanda Mkuu, na Gavana Baring naye anaitwa Kamanda Mkuu. Tena vyeo vinapanda na kushuka: luteni jenerali, kisha meja jenerali, kisha jenerali kamili, halafu meja jenerali tena. Babu alikuwa chini ya nani? Na kwa nini jina la kiti kilekile lilikuwa linabadilika?" Msomaji, Nyeri.

Ndugu msomaji, jibu linategemea mwezi. Kama babu alikuwa msituni Machi 1953, mkubwa wa jeshi Nairobi alikuwa Luteni Jenerali Alexander Cameron, na Cameron mwenyewe alikuwa na mkubwa wake Misri. Kama ni Julai mwaka huohuo, mkubwa ni Jenerali George Erskine, na huyo hakuwa na mtu juu yake Misri wala kwingineko barani. Alijibu moja kwa moja Wizara ya Vita, London. Meja Jenerali Hinde hakuwahi kuwa juu ya babu yako katika ngazi ya amri ya jeshi. Na Baring alikuwa Kamanda Mkuu kwa hati ya uteuzi, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi.

Kosa ninaloliona mara kwa mara, hata kwa waandishi wenye majina, ni kusoma mabegani. Mtu anahesabu nyota na panga zilizopishana kwenye bega la jenerali, kisha anaamua nani mkubwa. Kwa makao makuu ya kanda, kama yale ya Nairobi, swali la kwanza liwe: huyu bwana anamwandikia nani ripoti, na nani anaweza kumwambia hapana? Ukilijua hilo, vyeo vyote vitakaa mahali pake, na utaona kwamba mabadiliko makubwa ya uongozi wa jeshi Afrika Mashariki hayakuwa kubadilisha watu. Yalikuwa kuinua au kuteremsha kiti chenyewe.

Tuanze kabla ya babu hajavaa ile kofia ya tarbushi. King's African Rifles, yaani Keya, iliundwa tarehe 1 Januari 1902 kwa kuunganisha vikosi vya Nyasaland, Uganda na Kenya ya leo. Kwa miaka mingi ya amani mkubwa wake aliitwa Inspekta Jenerali. Sikiliza jina lenyewe: kazi yake ni kukagua. Alizunguka batalioni, akatazama bunduki, mafunzo na mahesabu, akaandika ripoti. Batalioni zenyewe zilikuwa za makoloni, zikilipwa na makoloni, chini ya magavana. Hapakuwa na jenerali mmoja Nairobi mwenye uwezo wa kuzichukua zote na kuzipeleka atakako. Vita ndiyo iliyozaa kiti hicho.

Mwaka 1939 Inspekta Jenerali wa wakati huo, Douglas Dickinson, akageuzwa kuwa kamanda wa kile kilichoitwa East Africa Force. Novemba 1940 nafasi yake ikachukuliwa na Luteni Jenerali Alan Cunningham, ambaye aliwatoa askari Kenya na kuwapeleka kwa kasi ya ajabu: Kismayu Februari 1941, Mogadishu siku chache baadaye, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Sasa angalia juu yake. Cunningham, pamoja na sifa zote hizo, alikuwa chini ya Jenerali Wavell wa Cairo. Nairobi ilikuwa tawi la Cairo. Agosti 1941 Cunningham akaitwa Misri kwenda kuongoza Jeshi la Nane, na kwa muda mfupi Harry Wetherall akashika nafasi yake.

Hapo ndipo likaja badiliko la kwanza la kweli. Cairo ilikuwa imezama katika vita ya Libya, na kuitawala Afrika Mashariki kutoka mbali vile kulikuwa mzigo usio na faida. Tarehe 15 Septemba 1941 London ikaikata Nairobi kutoka Cairo na kuunda East Africa Command, ikijibu moja kwa moja Wizara ya Vita. Aliyekabidhiwa ni Luteni Jenerali William Platt, mshindi wa Keren, ambaye aliivamia Eritrea kutoka Sudan wakati Cunningham akipanda kutoka kusini. Wadhifa wake uliandikwa GOC-in-C, yaani jenerali mwenye amri ya eneo zima linalosimama peke yake, si GOC tupu ambaye mara nyingi yuko chini ya kamanda mwingine mkubwa zaidi. Hizo herufi za mwisho, "in-C", zilibeba uzito wote.

Uzito huo ulionekana mwaka uliofuata. Waingereza walipotua Diego Suarez, Madagaska, Mei 1942, kikosi kilitoka Uingereza na kiliongozwa na jenerali wa Wanamaji, Sturges. Lakini kazi ya kuumaliza mchezo kisiwani, kuanzia Majunga Septemba hadi Wafaransa wa Vichy, yaani wa serikali iliyoshirikiana na Ujerumani, walipoweka silaha chini Novemba, ilikabidhiwa Platt wa Nairobi, na askari wa Keya wakavuka bahari kwa amri yake. Jenerali aliye tawi la Cairo asingepewa kisiwa cha ukubwa ule.

Na hapohapo uone mpaka wa kiti hicho. Mwaka 1943 iliundwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikapelekwa Ceylon, kisha Burma. Iliandikishwa, ikavishwa na kufundishwa na Nairobi, lakini ilipovuka bahari ile haikuwa ya Platt tena. Wazee waliopigana bonde la Kabaw wakikuambia hawakumjua jenerali wa Nairobi, wanasema kweli kabisa. Kuwalea askari ni kazi moja, kuwaamuru vitani ni kazi nyingine, na jeshi linaweza kuzigawa kwa watu wawili bila haya.

Baada ya Platt alikuja Kenneth Anderson, aliyeongoza Jeshi la Kwanza kule Tunisia, 1945 hadi 1946. Halafu kiti kikapungua. Askari maelfu kwa maelfu wakarudishwa makwao, kambi zikafungwa, na mwaka 1946 aliyeingia ni Meja Jenerali William Dimoline, yuleyule aliyeiongoza Divisheni ya 11 mwishoni mwa vita. Watu husema cheo cha Nairobi "kilishuka". Dimoline hakushushwa na mtu. Jeshi la wakati wa amani lilihitaji meja jenerali, basi akapelekwa meja jenerali. Baadaye Nairobi ikarudi kuwa tawi, mara hii chini ya makao makuu ya majeshi ya nchi kavu ya Mashariki ya Kati, ambayo hadi miaka ya mwanzo ya 1950 yalikuwa Fayid, kandokando ya Mfereji wa Suez. Dimoline alifuatwa na Arthur Dowler mwaka 1948, na Dowler akafuatwa na Cameron mwaka 1951.

Sasa tumefika kwa babu.

Hali ya Hatari ilitangazwa Oktoba 1952 kupambana na uasi wa Mau Mau, na usiku wa tarehe 20 Jomo Kenyatta na wenzake wakakamatwa. Batalioni ya Lancashire Fusiliers ikaletwa kwa ndege kutoka Mfereji wa Suez, na hilo peke yake linakuonyesha ngazi ilivyokuwa: Nairobi ikihitaji Waingereza, inaomba Fayid. Cameron alikuwa na eneo kubwa kupita kiasi. Chini yake palikuwa Kenya, Uganda, Tanganyika na zaidi ya hapo. Vurugu za Kenya zilikuwa moja ya mambo yake, na kwa sheria hazikuwa vita. Zilikuwa kazi ya polisi na serikali ya koloni, jeshi likitoa msaada. Kwa hiyo kamanda wa batalioni alijikuta akizungumza na mkuu wa wilaya, na mkuu wa polisi, na mkubwa wake wa jeshi, na hakuna kati ya hao watatu aliyekuwa na neno la mwisho.

Januari 1953 familia ya mlowezi Ruck iliuawa, na siku mbili baadaye walowezi waliandamana hadi Ikulu ya gavana wakitaka mtu mkali. Walichopewa mwanzoni mwa Februari ni Meja Jenerali William Hinde. Huyu hakuja kuwa kamanda. Aliletwa kama ofisa mnadhimu wa gavana, yaani mtu wa kumshauri Baring mambo ya kijeshi. Aprili, baada ya mauaji ya Lari na kuvamiwa kwa kituo cha polisi cha Naivasha usiku wa tarehe 26 Machi, wadhifa wake ukapewa jina zito zaidi: Mkurugenzi wa Operesheni.

Jina hilo lilitoka Malaya, koloni lingine la Kiingereza lenye uasi, na huko lilikuwa limeshashindwa. Mwaka 1950 Waingereza walimpeleka Malaya Harold Briggs kwa wadhifa huohuo. Briggs alikuwa na mpango mzuri lakini hakuwa na amri juu ya polisi wala watawala wa kiraia, akabaki kuwabembeleza. Mapema 1952 alipofika Gerald Templer, alipewa ugavana na uongozi wa operesheni kwa pamoja, mtu mmoja, kofia mbili. Ajabu ni kwamba Nairobi walichukua jina la Briggs badala ya mamlaka ya Templer, tena mwaka mmoja baada ya Malaya kuonyesha wazi kipi kinafanya kazi. Kwa maoni yangu huo ulikuwa uvivu wa kufikiri, na Hinde aliubeba yeye. Angeweza kuandika mpango wa kuipeleka batalioni ya babu yako Mlima Kenya, lakini amri ya kuihamisha ilikuwa ya Cameron. Angeweza kusema polisi wajenge vituo maeneo ya Wakikuyu, lakini kamishna wa polisi alimjibu gavana. Watu walimlaumu kwa kusuasua. Mimi huwa nasema, mpe jenerali yeyote cheo kisicho na askari, halafu umwangalie.

Na Baring je? Hati za uteuzi wa magavana wa Kiingereza ziliwaita Gavana na Kamanda Mkuu. Baring aliitwa hivyo Kenya. Sir Edward Twining aliitwa hivyo Tanganyika, na Sir Andrew Cohen aliitwa hivyo Uganda. Kwa hiyo jenerali mmoja wa Nairobi alizungukwa na makamanda wakuu watatu wa kiraia, kila mmoja na kofia yake ya manyoya. Lakini kanuni za Wizara ya Makoloni zilieleza waziwazi kwamba jina hilo halimpi gavana haki ya kuamuru vikosi vya kawaida vya jeshi. Akitaka askari, anamwomba kamanda wao. Wasomaji wa leo huteleza hapa kwa sababu katiba zetu zinampa rais uamiri jeshi mkuu, na rais akiamuru, jeshi linatii. Ukamanda mkuu wa Baring haukuwa wa namna hiyo hata kidogo. Akikagua gwaride, anapigiwa saluti. Gwaride likiisha, askari wanarudi kwa kanali wao.

Basi hadi Mei 1953 hali ilikuwa hivi: askari wengi, amri nyembamba. Aprili ilikuwa imefika Brigedi ya 39 kutoka Uingereza, ikiwa na batalioni za Buffs na Devons. Batalioni za Keya nazo zilikuwa zimekusanywa: za Kenya zenyewe, ya 4 kutoka Uganda, na za Tanganyika. London ikaona kwamba mkia umekuwa mrefu kuliko ng'ombe.

Jenerali George Erskine alitua Nairobi mwezi Juni 1953, na siku chache zile ndizo za kuziangalia kwa karibu. Alikuja akiwa jenerali kamili, ngazi moja juu ya Cameron. Lakini mambo mengine matatu yalikuwa na maana kuliko cheo. La kwanza, East Africa Command ilitolewa chini ya Fayid na kurudishwa moja kwa moja chini ya Wizara ya Vita, kama ilivyokuwa enzi za Platt. Ndiyo maana wadhifa wake ukawa Kamanda Mkuu, Afrika Mashariki. La pili, katika mambo ya operesheni ndani ya Kenya hakuwa mshauri: jeshi lilikuwa lake lote, na polisi pamoja na vikosi vya usaidizi vilitakiwa kufuata mpango wake. La tatu lilikuwa mfukoni. Alikuwa na barua ya Waziri Mkuu Churchill iliyomruhusu, akiona lazima, kutangaza utawala wa kijeshi na kuichukua serikali ya koloni. Inasimuliwa kwamba aliihifadhi ndani ya kibweta cha miwani, na walowezi au mawaziri walipomzidi kwa maneno, alikifungua kile kibweta na kukifunga, tak, bila kusema kitu. Hakuitumia hata siku moja. Haikuhitajika, kila mtu mezani alijua iko pale.

Cameron hakufukuzwa. Alibaki kwa muda kama naibu, na kwa kuwa Erskine alitakiwa kuelekeza macho yake Kenya, kulikuwa na kazi ya kutosha ya kuangalia sehemu nyingine za kanda. Hinde naye alibaki, akawa naibu katika uongozi wa operesheni hadi 1956. Sasa unaelewa kwa nini unakuta majina matatu katika mwaka mmoja. Wote watatu walikuwapo Nairobi kwa wakati mmoja. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini majenerali watatu wanaweza, mradi kila mmoja ajue anajibu kwa nani. Kabla ya Juni hawakujua. Baada ya Juni walijua.

Dalili ya kwanza ya mamlaka mapya haikuwa shambulio. Tarehe 23 Juni Erskine alitoa waraka kwa maofisa wa jeshi, polisi na Home Guard (wanamgambo wa vijijini waliokuwa upande wa serikali) akisema hatavumilia kupigwa na kuteswa kwa watu, na kwamba malalamiko yatachunguzwa. Mtu kama Hinde asingeweza kutuma waraka kama huo kwa vikosi vyote vitatu ukasomwa kama amri. Ila ufuate waraka huo hadi mwisho wake, utaona kiti cha Erskine kilipoishia. Ndani ya jeshi alikuwa na mahakama za kijeshi: Kapteni Griffiths, aliyekuwa na batalioni ya 5 ya Keya, alishtakiwa mwishoni mwa mwaka huo, akaachiwa, akashtakiwa upya na kufungwa. Kwa Home Guard, waliokuwa chini ya watawala wa wilaya, na kwa polisi, Kamanda Mkuu alikuwa na operesheni bila nidhamu. Anaweza kusema waende bonde gani; hawezi kumfukuza kazi aliyeua huko bondeni. Kanali Arthur Young aliletwa mwaka 1954 kuwa kamishna wa polisi, akataka kuchunguza maovu hayo, hakupata msaada wa Baring, na kabla mwaka haujaisha akajiuzulu. Erskine mwenyewe hakuwapenda walowezi, na barua zake kwa mkewe zinawachana vibaya. Lakini kibweta kilibaki kimefungwa, na makambi ya kizuizini yalibaki mikononi mwa serikali ya koloni. Wanaosema "Erskine alikuwa na mamlaka yote" hawajaangalia hapa.

Machi 1954 ngazi ikanyooshwa tena kwa kuunda Baraza la Vita: Gavana Baring mwenyekiti, naibu wake Frederick Crawford, Erskine, na Michael Blundell kwa niaba ya walowezi. Watu wanne mezani, maamuzi yanatoka palepale. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Aprili, ikaja Operesheni Anvil, askari na polisi wapatao 25,000 wakaizingira Nairobi na kuwakusanya Wakikuyu, Waembu na Wameru mtaa kwa mtaa. Ukiacha uchungu wake, ambao familia nyingi za Nyeri bado zinao, itazame kama jambo la amri: jeshi, polisi, reli, magereza na watawala wa wilaya, wote siku moja, saa moja. Miezi kumi na minne nyuma jiji hilohilo lilikuwa na majenerali waliokuwa wakiombana ruhusa.

Wilayani, hata hivyo, mwenyekiti wa kamati ya Hali ya Hatari alibaki kuwa mkuu wa wilaya, raia, na ofisa wa jeshi alikaa pembeni yake. Kwa hiyo kama babu alisema "DC ndiye aliyekuwa akituamuru", usimfute. Kwa macho ya koplo ilionekana hivyo, na nusu yake ni kweli.

Mei 1955 Erskine aliondoka na Luteni Jenerali Gerald Lathbury akashika. Tazama tena: cheo kimeshuka ngazi moja, wadhifa umebaki uleule, Kamanda Mkuu. Hakuna aliyenyang'anywa kitu. Erskine alikuja na cheo chake, Lathbury na chake. Makabidhiano haya yalikuwa mepesi kuliko ya 1953 kwa sababu kiti hakikuguswa. Kilichobadilika ni namna ya kupigana. Misako mikubwa ya maelfu ya askari ilipungua, vikaongezwa vikundi vidogo vya wafuata nyayo pamoja na wapiganaji wa zamani waliogeuzwa. Dedan Kimathi alikamatwa Oktoba 1956, na mwezi uliofuata jeshi likaondolewa katika operesheni, kazi ikarudishwa kwa polisi. Hali ya Hatari yenyewe iliendelea hadi Januari 1960, lakini kwa jeshi vita ilikuwa imekwisha, na kiti kikafuata: mwaka 1957 akaja Meja Jenerali Nigel Tapp, na ndipo yale mabega yaliyokutatiza yakarudi kama enzi za Dimoline. Alifuatwa na Meja Jenerali Richard Goodwin mwaka 1960.

Miaka hiyo ya mwisho ina jambo ambalo wasomaji wa Kenya husahau. Kambi kubwa ya Kahawa ilijengwa kwa ajili ya askari wa akiba wa Waingereza, na macho ya akiba hiyo yalielekea Ghuba na Bahari ya Hindi. Julai 1961 Iraq ilipoitishia Kuwait, Brigedi ya 24 ilitoka Kenya kwenda huko. Nairobi ilikuwa tena inacheza ngoma ya makao mengine, mara hii Aden. Kambi ile iliitwa Templer Barracks, kwa jina la yule wa Malaya ambaye Kenya haikumpata. Mwaka 1965 ilikabidhiwa serikali, na leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wanasoma hapo.

Aliyefunga mlango ni Meja Jenerali Ian Freeland. Alishika East Africa Command mwaka 1963, na Desemba mwaka huo Kenya ilipopata uhuru amri hiyo ikavunjwa. Waingereza waliobaki wakawa chini yake kwa jina jipya la vikosi vya nchi kavu vya Kiingereza nchini Kenya. Mwezi mmoja tu baadaye jina hilo likapimwa. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, iliyopewa jina la vita ya Keya huko Ethiopia mwaka 1941 na ambayo sasa ni Lugalo. Siku tatu baadaye ikawa Jinja, kisha Lanet karibu na Nakuru. Enzi za Erskine, jenerali wa Nairobi angewasogeza Waingereza kwa amri yake kwenda popote kati ya hapo. Sasa ilibidi Nyerere aombe, Obote aombe, Kenyatta aombe, kila mmoja kwa nchi yake. Bunduki za Waingereza zilikuwa zilezile, na ngazi ya amri ilikuwa imekatwa vipande vitatu.

Moja ya madai makubwa ya waasi ilikuwa kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza juu yao, na vyeo vikaanza kugawiwa upya. Tanganyika ilimchagua Mirisho Sarakikya kuongoza jeshi mwaka huohuo. Kenya ilisubiri hadi 1966, Joseph Ndolo alipompokea Brigedia Hardy. Uganda nayo ilitoa somo ambalo Hinde angelielewa vizuri: Februari 1966 Obote alimpandisha Shaban Opolot kuwa Mkuu wa Majeshi, juu kabisa, na kumwachia Idi Amin uongozi wa vikosi vyenyewe. Kwenye karatasi Opolot alipanda. Kwenye kambi alikuwa hana tena askari wa kumsikiliza. Mwaka 1970 Obote akajaribu kumfanyia Amin vilevile, kumweka juu na kuwapa wengine jeshi la nchi kavu na la anga, ila safari hiyo alichelewa, na Januari 1971 akapinduliwa.

Kwa kitabu chako, ndugu, fanya hivi. Tafuta kwanza namba ya batalioni ya babu, kwenye cheti chake cha kuachishwa au nyuma ya picha. Batalioni ndiyo kila kitu kwa askari wa Keya. Jenerali alikuwa jina la kusikia. Kisha panga ngazi kwa tarehe: kampuni, kanali wa batalioni, brigedia wa brigedi yao, halafu Nairobi. Brigedi ya 70 ndiyo iliyokusanya batalioni nyingi za Keya, lakini batalioni ziliazimwa huku na huko, hivyo usidhani. Juu ya Nairobi andika Fayid hadi Mei 1953, na London kuanzia Juni. Usiandike "chini ya Hinde" mahali popote. Andika kwamba Hinde alipanga operesheni. Baring mwite gavana, inatosha.

Kama huna karatasi yoyote, masimulizi yake yanaweza kukusaidia kukisia. Akiwa alisimulia safu ndefu za askari zikipanda Nyandarua kwenye baridi ya Januari, batalioni nyingi kwa pamoja, huenda ni Operesheni Hammer ya 1955, na jenerali ni Erskine. Akiwa alisimulia kutembea usiku watu wachache, bila moto na bila sabuni ili wasinuke msituni, wakiongozwa na mtu aliyekuwa Mau Mau mwezi uliopita, basi kwa kiasi kikubwa umeshavuka Mei 1955, na jina la kuandika ni Lathbury.